Asubuhi ya Baada ya Ukurasa wa Mwisho

Nyumba Na. 14,
Mtaa wa Alma,
Holmeshaw,
Lancashire.

Jumanne, 9 Julai 1968

Mwanangu mpendwa Lavinia,

Salamu zangu za mapenzi zikufikie huko Toronto, wewe na wenzako mnaokaa nyumba moja. U hali gani, mama? Kifua kimeachia? Katika barua yako ya mwisho hukusema lolote kuhusu kifua, na mtu asiposema ndipo mimi ninapozidi kuwaza. Jifunike vizuri hata kama huko ni kiangazi. Hewa ya ziwa si ya kuiamini.

Mimi sijambo. Goti la kushoto linanigombeza nikipanda ngazi, nikishuka tunapatana. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kapu la nguo safi, watoto wanne, wote wa rangi ya yule dume wa duka la nyama. Hata haya hana.

Wiki ya mapumziko imeingia. Tangu Jumamosi viwanda vimefungwa na Holmeshaw nzima imehamia Blackpool na ndoo zao za mchanga. Mimi nimebaki, na Hilda Crabtree wa nyumba ya pili amebaki pia kwa ajili ya nyonga yake. Unakumbuka ukimya wa wiki hii ulivyo? Mashine zote zimenyamaza. Moshi hakuna, na mlima umesogea karibu, utadhani ungeweza kuunyooshea mkono. Nasikia maji ya mfereji yakipita chini ya daraja, sauti ambayo mwaka mzima nasahau kama ipo. Nimetoa kiti nje ya mlango wa nyuma, nimekaa juani kama bibi mkubwa, na chai imenipoa mara mbili.

Barua hii nimeianza mara tatu, mwanangu, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Nina jambo zito la kukuambia kuhusu harusi yako. Lakini nivumilie nianze na vitabu, maana jambo lenyewe limetokea huko.

Unavijua vitabu vyenyewe. Vile vyetu vya mapenzi, vya zama za mwanamfalme aliyetawala badala ya baba yake, vya mabibi wenye hariri iliyofungwa chini ya matiti na mabwana wenye buti za kung'aa. Gari la maktaba bado linatuletea kila Alhamisi, linasimama palepale mbele ya kanisa dogo. Ila yule mzee aliyekuwa akiliendesha amestaafu. Sasa ameletwa msichana mmoja, Bi Entwistle, mwenye miwani na nywele fupi, mpole sana, anatufungulia mlango kama tunaingia ikulu.

Na unazikumbuka zile alama zetu. Kila mmoja wetu akishamaliza kitabu huweka alama yake ndogo ya penseli kwenye ukurasa wa arobaini, chini kabisa pembeni, ili asije akakiazima tena. Hilda ana herufi yake. Bibi Clegg ana msalaba. Mimi nina cheri yangu na kikonyo chake. Hatujawahi kuandikiana sheria, na hakuna aliyejua nani alianzisha. Ulipokuwa mdogo wewe ndiye uliyekuwa ukinichorea, ukitoa ulimi nje kwa bidii.

Basi Alhamisi ya mwisho ya Mei, Hilda alipanda garini wa kwanza. Akafungua kitabu ukurasa wa arobaini, akakifunga. Akafungua cha pili. Akafungua cha tatu.

“Mama Vinnie,” akaniita, “hebu panda uone. Tumeibiwa.”

“Tumeibiwa nini tena?”

“Alama! Haipo hata moja. Mimi sina herufi, wewe huna cheri, Bibi Clegg hana msalaba. Kweupe!”

Bi Entwistle akatabasamu kwa fahari, maskini ya Mungu. “Ah, zile? Nimezifuta mimi. Majira yote ya baridi nilikuwa na kifutio mkononi. Vitabu mia tatu na ushee. Nilidhani ni watoto watukutu.”

“Watoto!” Bibi Clegg alikuwa bado chini ya ngazi, anashikilia fimbo. “Binti, mimi nina miaka themanini na moja. Mtoto hapa ni nani?”

“Lakini bibi, kuandika ndani ya kitabu cha maktaba ni kosa.”

“Na kunisomesha kitabu kimoja mara mbili na siku zangu zilizobaki hizi, hilo si kosa?”

“Umetufutia miaka ishirini, mwanangu,” akasema Hilda. “Sasa tutajuaje tulichokisoma?”

Bi Entwistle akatuangalia, uso umemwiva. “Kwani... si mtakumbuka hadithi?”

Tukatazamana sote watatu. Hadithi! Wewe unaijua hadithi, Vinnie. Yuko mwinyi mmoja tajiri aliyeapa hataoa. Yuko binti wa mchungaji asiye na mahari, ana shangazi mwenye kichupa cha kunusa akitaka kuzirai. Gurudumu la gari la farasi linavunjika kwenye mvua. Wanakutana, wanachukiana. Anamwona akicheza dansi na mwingine. Ugomvi bustanini, barua inayopotea, busu, kwaheri. Hilda alianza kucheka kwanza, kisha mimi, mwisho Bibi Clegg akalazimika kuketi kwenye ngazi ya gari, machozi yanamtoka, na msichana wa watu amesimama anatushangaa.

Tulipotulia Bibi Clegg akanigeukia. “Seth wako angekuwapo leo angelia,” akasema.

Nikamuuliza alama zetu zilimhusu nini marehemu baba yako. Alikuwa akinichukulia tu vitabu, kwa sababu zamu yake ya machimbo iliisha mchana na mimi nilikuwa kiwandani mpaka jioni.

“Akikuchukulia tu!” akasema. “Wewe hukuwa ukimwona. Alikuwa akisimama hapa ninapokaa mimi, na vumbi lake la mawe, mvua ikimpiga, maana alikataa kuingia asije akachafua zulia la gari. Anapewa kimoja kimoja. Anafungua ukurasa wa arobaini anatafuta cheri. Asipoiona, anafungua ukurasa wa mwisho anausoma wote, na kidole chake kile kinene. Siku moja nikamwambia, Seth, unaharibu utamu. Akasema, ‘Bibi Clegg, lazima nijue kama wanapatana. Kile cha mwezi uliopita mke wangu alilia siku mbili.’”

Mwanangu, nilikuwa mke wa baba yako miaka ishirini na mbili na jambo hilo sikulijua. Hakuwahi kulisema. Akifika nyumbani ananiwekea kitabu juu ya meza, anasema “Haya,” anakwenda kunawa. Mimi nilidhani ni bahati tu kwamba miaka yote ile sikupata tena kitabu cha kuniliza.

Siku ile nilirudi nyumbani polepole sana. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mabomba ya moshi, na taa za barabara zimewashwa mapema, na mimi natembea ndani yake kama mtu asiye na miguu.

Sasa nisije nikaonekana ninavisema vibaya vitabu. Nisivipende kwa lipi? Mimi shule niliigawa na kazi tangu nikiwa na miaka kumi na miwili, asubuhi kiwandani mchana darasani nikisinzia, na nilipoolewa nilikuwa nasoma tangazo la basi kwa shida. Vitabu vile ndivyo vilivyonifundisha. Hadithi inakuvuta, unataka kujua kama mwinyi ataingia ukumbini, basi neno refu unalivamia hivyo hivyo. Na nililoshindwa ulinisomea wewe, umeketi kwenye mkeka mbele ya moto na magoti yako yenye makovu, mimi napiga pasi. “Mama, hilo ni ‘kandelabra,’ ni kinara cha mishumaa mingi.” Ulikuwa na miaka minane. Sijawahi kuiona kandelabra mpaka leo, lakini naijua.

Na kazini, Vinnie! Watu wanasema kiwanda cha kufuma ni kelele tupu, ni kweli, husikii hata ukipiga mayowe. Lakini sisi tunasemezana kwa midomo, na Jumatatu nzima nilikuwa nikimsimulia Hilda kitabu kutoka mashine yangu mpaka yake, bila sauti, nyuzi zinakimbia kati yetu. Nikifika mahali pa dansi alikuwa akiweka mkono kifuani. Vumbi la pamba likielea kwenye mwanga wa dirisha la juu, mimi naona theluji inaanguka juu ya magari ya farasi, naona ngazi za marumaru, naona glavu ndefu nyeupe, na mtu mmoja amesimama mbali chini ya mishumaa ananitazama mimi, Annis Greenhalgh, mwenye aproni. Saa nane zinakwisha hujui zimekwendaje. Hakuna anayeugua humo. Hakuna anayeosha sufuria. Matunda yanakuja mezani yameshamenywa. Mtu anahitaji mahali pa kupumzikia kichwa, na wengine wetu hatukupewa pengine.

Ndiyo maana nilikuita Lavinia. Baba yako alitaka uitwe Joan, kama mama yake. Mtaa mzima ulinicheka, “Lavinia wa Mtaa wa Alma! Gari lake la farasi limeegeshwa wapi?” Sikujali. Niliona jina linakwenda vizuri na uso wako.

Basi tangu alama zifutwe tunachukua vitabu gizani, kama kuchovya mkono kwenye mfuko. Bibi Clegg anasoma kimoja cha jalada la kijani kwa mara ya tatu tangu Mei. Hilda alimwambia, “Bibi, hicho ulikirudisha juzi.” Akajibu, “Nyamaza. Safari hii huenda akamkataa.”

Na mimi Jumamosi, mji ulipokwisha kuondoka, nilifungua kimoja nilichokichukua Alhamisi. Cha mwinyi Severell na Honoria. Nilifika ukurasa wa tisini kabla sijatambua kwamba hiki tulikisoma mimi na wewe, majira yale ya baridi ulipokuwa na surua na mapazia yamefungwa. Lazima unakikumbuka. Ulikuwa ukimpenda Severell kuliko wote. Ulisema ukikua utaolewa naye, baba yako akauliza kama ana kazi.

Nikajilaza nikaendelea kusoma, jua miguuni, nikijua kila kitakachokuja, na ilikuwa tamu kama kupita njia ya nyumbani umefumba macho. Lakini kadiri nilivyosoma kuna kitu kikawa kinanikwaruza. Severell anamcheka Honoria mbele ya wageni kwa namna anavyotamka maneno ya kijijini kwao. Honoria anainamisha kichwa. Halafu anacheka kwa sauti mezani, na Severell hamsemeshi siku tatu. Siku tatu, Vinnie. Siku ya nne anamfunika koti lake begani kando ya ziwa, na moyo wa Honoria unaruka, anaona kumbe ndani ni mwema.

Nikakiweka kitabu chini. Nikaingia ndani nikatoa barua zako kwenye kopo la biskuti nikazisoma zote upya, juu ya hatua ya mlango.

Unajua nilichokipata. Uliniandikia kabla ya Pasaka kwamba Bwana Ewan Farquhar, huyo unayetaka kuolewa naye, aliwaigizia rafiki zake namna unavyozungumza, wakacheka, nawe ukacheka nao. Uliandika kwamba ulicheka kwa nguvu kwenye chakula cha wakubwa wake wa uwakili na akakaa siku tatu hakusemeshi, mnapishana ofisini unamchapia barua zake na yeye haoni kama upo. Kisha akakupeleka ziwani akakupa koti lake. Na ukaniuliza, “Mama, nifanye nini?”

Mwanangu, ulinijia mimi mama yako na swali la maisha yako, na mimi nikakujibu nini? Ninakumbuka kila neno, kwa sababu niliona nimeandika vizuri. Nilikwambia uvumilie. Nilikwambia wanaume wenye kiburi ndio wanaopenda kwa dhati, kwamba barafu ikishayeyuka utaona. Nilisikia fahari kabisa. Nilimwambia Hilda kwa midomo, mashine kwa mashine, binti yangu amepata mwinyi wake. Na Juni ukaniandikia, “Nimefanya ulivyoniambia, mama. Nimekubali. Harusi ni tarehe saba Septemba.”

Ninalirudisha neno lile. Sikulitoa moyoni, nililitoa ukurasa wa mia moja na kumi. Sikumjua mtu huyo. Nilijibu kama anayejua mwisho wa hadithi.

Na hapo ndipo vitabu vyetu vinapopungukiwa. Nimekaa nalo siku tatu hizi na nadhani sasa naweza kulisema. Mwandishi anatufungia mlango usoni. Busu, ukurasa wa mwisho, maktaba, Alhamisi. Yeye hatuachi tuingie asubuhi yake. Yule mtu amekuwa mkali kurasa mia mbili na amekuwa mwema kurasa tatu, na sisi tunazichukua zile tatu tunasema ndizo zenyewe. Ningekuwa ninanunua farasi nisingefanya hesabu ya namna hiyo.

Jumapili nilisinzia hapa kitini baada ya chakula, na nikamwona Honoria. Si ndoto ya kutisha, usije ukahangaika. Nilimwona amekuwa mtu mzima wa umri wangu, ameketi upande mmoja wa meza ndefu, mishumaa inawaka mchana, na upande wa pili yuko Severell, ametazama dirishani. Nguo yake ilikuwa nzuri sana, rangi ya maji. Alikuwa na kijiko mkononi na hakuwa anakitumia, maana kijiko kikigonga sahani kingepiga kelele. Nikamuuliza, hii siku ya ngapi? Akaninyooshea vidole viwili. Hakutaka kusema. Kisha nikaamka, na maji ya mfereji yanapita vilevile.

Wanaume kama baba yako wamo pia ndani ya vitabu vile, nimetazama. Ndio wale wanaoshika farasi mvuani wakati wakubwa wanagombana bustanini. Hawana jina. Baba yako hakujua kucheza, na hakuniambia neno zuri ila mara moja, tena lilihusu kabichi niliyopika. Nilikuwa nikisoma usiku kitandani na kuwaza, laiti angekuwa na kiburi kidogo, na nyusi kama za mwinyi. Mungu anisamehe.

Lakini kuna jambo moja vitabu vinasema kweli, nalo ndilo lililonikosesha raha kuliko yote. Honoria kabla ya kumpata Severell ana ulimi. Wote wanao, wale mabinti wa wachungaji, ndiyo raha yao. Mwinyi akisema moja wao wanasema mbili. Na wewe ulikuwa hivyo hivyo. Ulimjibu mwalimu mkuu, ulimjibu askofu, ulimjibu shangazi yako Bertha siku ya mazishi. Barua zako za mwaka wa kwanza huko nilikuwa nikimsomea Hilda mpaka anajishika mbavu, jinsi ulivyomwelezea mwenye nyumba wenu na soksi zake. Sasa nimezipanga mezani kwa tarehe. Tangu Krismasi barua zako zina adabu. Hakuna mtu umemcheka. Hakuna kitu kimekuudhi. “Ewan anaona ni vyema.” “Ewan hapendi.” Mwandiko ni wako, mwanangu, lakini ulimi umekwenda wapi?

Huenda nimekosea. Mimi ni mwanamke wa mashine nne na kopo la biskuti, na mtu wa watu sijamtia machoni. Huenda ni mwema na mimi namsingizia kwa kosa la mtu wa kwenye kitabu, na nikimwona nitamwomba radhi kwa magoti, hata hili la kushoto. Sikuambii umwache. Nilikuambia mara moja la kufanya na tazama nilivyokuambia. Ila nakuomba usiolewe naye kwa ajili ya mtu atakayekuwa baadaye. Mtazame alivyo sasa, siku ya kawaida, Jumanne kama leo, hakuna ziwa wala koti. Ucheke kwa nguvu mbele yake, kwa makusudi, kisha uhesabu siku.

Usiogope aibu ya kadi zilizokwisha kutumwa. Kadi ni karatasi. Usimwogope shangazi Bertha, yeye nitamweleza mimi, na nimeanza kungoja siku hiyo kwa hamu. Na usiwaze kwamba utakuwa umenivunja moyo kwa sababu nilijisifu kiwandani. Nitawaambia wote kwa midomo, mstari kwa mstari, kwamba nilikuwa mjinga, na Jumatatu itakuwa imekwisha.

Chumba chako kiko vilevile. Nimelitoa godoro juani leo asubuhi. Si kwa maana yoyote, jua lilikuwepo tu.

Kutoka kwa wote huku: Hilda anakusalimu na anasema nyonga yake itacheza harusini ikiwepo, na isipokuwepo itacheza vilevile. Bibi Clegg anakuombea kila siku, anadhani uko Australia, nimechoka kumsahihisha. Mjomba wako Walter amepona mguu, na mkewe Ivy amekufumia fulana ya rangi ambayo utalazimika kuishukuru. Bi Entwistle hakujui, lakini Alhamisi aliniuliza habari zako, kisha akanitolea penseli mfukoni kwa siri akageuka dirishani. Ni mtoto mwema. Wasalimie nami wasichana wote wa nyumba yenu, na yule wa Glasgow mwambie asante kwa picha.

Mungu akulaze salama na akuamshe ukiwa wewe mwenyewe.

Jumapili hii na ile inayofuata, toka saa kumi na mbili jioni yetu, nitakuwa kwa Hilda karibu na simu. Usinipangie maneno, wala usitafute sababu nzuri. Ukisema harusi ipo, nitatafuta kofia na nitaulizia meli. Ukisema haipo, nitakuuliza tu unafika Liverpool lini. Na ukishindwa kusema lolote, piga hivyo hivyo unyamaze. Ukimya wako naujua tangu ulipokuwa na siku moja. Mimi nitakuwa nikizungumza upande huu, kuhusu paka, kuhusu mvua, mpaka utakapokuwa tayari, na sitaweka simu chini kabla yako.

Ni mimi ninayekupenda ulivyo, kelele zote,

Mama yako,
Annis